Mbegu na Onyo Lake



Wengi wenu mliofika nyumbani kwetu hapa Savage kiangazi kilichopita mliona miti miwili kwenye ndoo kubwa, ina maua meupe marefu yanayoning'inia yakitazama chini. Mliuliza jina lake, na baadhi yenu mliomba miche. Wengine mmesikia kwamba dada mmoja aliomba nikamnyima, na kwamba mzee wa kanisa ana choyo. Leo naomba nijibu, kwa sababu jambo lenyewe si la maua peke yake.

Kwetu Lushoto mti huu tuliuita tarumbeta, kwa umbo la ua lake. Wazungu huliita tarumbeta la malaika, na wataalamu wa mimea huuita brugmansia. Mama yangu alikuwa nao nyuma ya jiko. Mchana ua halina habari, lakini giza likiingia harufu yake inajaa uwanja mzima. Asili ya mti huu si Usambara, ni Amerika ya Kusini. Nao ni mhamiaji kama sisi. Tena hauna kwao pa kurudi: shirika la uhifadhi wa asili la kimataifa, IUCN, mwaka 2014 liliorodhesha aina zake zote saba kuwa zimetoweka porini. Umebaki duniani kwa sababu watu waliupenda wakaupanda.

Mama alifariki nikiwa huku. Baadaye mwenzangu wa kazini alinionyesha picha ya ua lile kwenye simu, akaniletea mbegu kumi ndani ya bahasha. Sikufikiri mara mbili.

Ilikuwa Februari, theluji nje. Mbegu za tarumbeta zina ganda nene, jepesi kama kizibo cha chupa. Nililoweka zote kwenye maji ya uvuguvugu kwa siku nzima, ganda likalainika, nikalimenya taratibu. Nikazifukia kina cha sentimita moja kwenye udongo mwepesi, nikafunika kwa plastiki, nikaweka chini yake mkeka wa umeme wa kupasha joto, kule besimenti. Mbegu hizi hazina haraka. Zinaweza kukaa wiki mbili, nne, hata sita. Wiki ya tatu ukachomoza mche wa kwanza. Kwa jumla yaliota saba. Mawili yalioza shingoni kwa ukungu, kwa sababu nilimwagilia kwa mapenzi kuliko akili. Yakabaki matano.

Kila jioni nilishuka kuyatazama chini ya taa. Mwezi Mei, baridi ya usiku ilipokwisha, niliyatoa nje saa chache kila siku hadi yakazoea jua na upepo. Huu ni mti mlafi wa maji na mbolea. Kufika Julai mche mrefu ulikuwa umenipita kiuno.

Binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka tisa, alikuwa msaidizi wangu tangu siku ya kuloweka. Jioni moja ya Julai tulikuwa tunaondoa majani ya chini. Mbu wa Minnesota mnawajua. Mtoto alikuwa akijipangusa uso kila dakika. Tulipokaa kula akasema, "Mama, naona ukungu jicho moja." Nikamgeuza uso kwenye taa. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa imefunguka, nyeusi, pana kama kifungo cha shati. Ya kushoto ilikuwa ya kawaida.

Waliofanya kazi kama yangu wanajua nilichofikiri. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyenzake, kitu cha kwanza unachokiogopa ni kichwa, damu kwenye ubongo. Nilimuuliza: umeanguka? Umegonga kichwa? Kinauma? Akasema hapana kila mara, na mimi natetemeka. Ndipo nikaona rangi ya kijani chini ya kucha zake.

Nilipiga simu kwa kituo cha sumu, tukaelekezwa, tukaenda akaangaliwa. Moyo ulipiga vizuri, akili timamu, homa hakuna. Ni jicho tu, na baada ya siku tatu lilirudi. Mungu ni mwema. Lakini sikulala usiku ule, na sababu haikuwa jicho.

Sababu ni kwamba nilijua. Tarumbeta, kuanzia mzizi mpaka mbegu, ina skopolamini na atropini. Hizi si ngeni kwangu, ni dawa ninazozishika. Kibandiko kidogo cha skopolamini nyuma ya sikio humzuia mgonjwa kutapika baada ya upasuaji. Atropini huuinua moyo unaopiga polepole mno, na humwokoa mkulima aliyeingiwa na sumu ya kuulia wadudu. Dawa ileile ikizidi, mdomo unakauka, ngozi inakuwa nyekundu na ya moto, moyo unakimbia, mkojo unagoma, mtu anaweweseka na kuona yasiyokuwepo, na anaweza kufa. Na kwenye jani hakuna kipimo: jani moja lina kidogo, la pili lina nyingi.

Kuna jambo jingine linaniuma zaidi. Mimi jioni ile nilikuwa nimevaa glavu. Mazoea ya kazi. Mkono ulizivaa bila kuniuliza. Mtoto sikumpa.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani ni hivi. Kule Lushoto hakuna aliyewahi kunikalisha chini anifundishe habari za tarumbeta. Haikuhitajika. Bibi alisema usichezee, jirani akasema, mwalimu akasema, hata mtoto mkubwa aliyekuwa akituchunga akasema. Onyo lilikuwa limetapakaa mtaani kama ile harufu ya jioni, tukalivuta bila kujua. Ndiyo maana mti ulikaa nyuma ya jiko miaka yote na watoto wamejaa uwanjani.

Huku nilijirudishia mti, onyo halikuja nao. Binti yangu amezaliwa Marekani. Katika mtaa wetu hakuna bibi, hakuna jirani anayeujua mti huu. Kama mimi sikusema, hakuna mwingine duniani ambaye angemwambia. Nami nilinyamaza, nikidhani anajua kwa sababu mimi najua.

Mume wangu aliuliza swali la haki: "Kitu kisichotulisha wala kututibu, kwa nini kikae na watoto?" Nilimjibu kwamba hata gari linaua, hata kisu, hata kabati la dawa. Akasema gari linatupeleka kazini. Hapo nilinyamaza, maana ana hoja. Hatari tunayoibeba kwa sababu ya lazima si sawa na hatari tunayoibeba kwa sababu ya kupenda. Na mbaya zaidi, apendaye ni mimi, lakini jicho lilikuwa la mtoto.

Torati ina agizo ambalo hatulihubiri sana. Liko Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa azungushe ukuta mdogo kwenye paa, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Tazameni hekima yake. Haikatazi paa. Watu wa wakati ule walipanda juu ya paa kupunga upepo na kulala. Lakini hailali na kusema kila mtu ajiangalie. Mwenye nyumba ndiye anayejua ukingo uko wapi. Mgeni hajui, na mtoto anakimbia. Kwa hiyo deni la ukuta ni la anayejua.

Hapo ndipo nilipopata msimamo. Miche mitatu niliing'oa, nikaifunga kwenye mfuko na kuitupa. Miwili nilibaki nayo, kwa sababu siamini kwamba uzuri ni kitu cha bure, na kwa sababu mtoto asiyekutana na hatari akiwa na mzazi wake atakutana nayo akiwa peke yake. Tukajenga ukuta. Tulikaa mezani na watoto wote, nikawaeleza kila kitu, pamoja na kosa langu. Glavu ziko pale pale karibu na ndoo. Kiangazi miti inakaa upande wenye geti lenye komeo; wakati wa baridi inalala gereji bila majani. Mgeni mwenye mtoto huambiwa kabla hajavua viatu. Siku nitakayochoka kusema, siku hiyo miti itaondoka. Mume wangu amekubali kwa sharti hilo, na bado haipendi.

Kiangazi kilichopita ikatoa maua. Mti wa mbegu haulazimiki kufanana na mama yake. Niliogopa rangi itakuwa nyingine. Yalikuja meupe. Usiku wa kwanza nilikaa nje hadi saa sita.

Sasa habari ya dada yetu. Aliniomba mche mbele ya watu, baada ya ibada, na mimi nikasema hapana, nikaendelea kumimina chai. Akasema, "Maua tu haya? Unaniona sina akili?" Kumbe nilichokuwa nawaza si yeye. Nyumbani kwake anatunza wazee waliopoteza kumbukumbu. Mzee wa namna hiyo hata ukimwonya saa nne, saa tano onyo limekwisha. Ukuta wa maneno haumfai. Tena mche ukitoka mikononi mwangu, yeye ataupokea kwa imani, kwa kuwa umetoka kwa muuguzi na mzee wa kanisa.

Imani hiyo si jambo dogo. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu takriban mia tatu waliugua na watano wakafa baada ya kula unga wa lishe wa msaada. Ndani yake mlikuwa mmeingia mbegu za mnanaha, ndugu wa tarumbeta mwenye sumu zilezile. Wale watu hawakukosa chochote. Walipika walichopewa na mkono waliouamini. Anayetoa anabeba mzigo ambao anayepokea hawezi kuuona.

Kwa hiyo kukataa kwangu bado nakusimamia. Lakini namna nilivyokataa ilikuwa mbaya. Kusema hapana bila kueleza ni kosa lilelile la jioni ya Julai: nilikuwa na maarifa, nikayaweka mfukoni, mwenzangu akabaki gizani. Nimekwenda kwake, nimeomba msamaha, tumekunywa chai. Hajanisamehe sana, lakini amenisikiliza.

Nawaomba mtazame nyumba zenu kwa jicho hili. Tumevuka bahari na vitu vingi ambavyo nyumbani vilikuwa na walinzi elfu. Mizizi ya kuchemsha aliyotuma shangazi. Vidonge tunavyogawiana kwenye mikoba baada ya ibada, "chukua hiki, mimi kilinisaidia". Hata maneno na desturi. Sisi tunajua mwisho wake uko wapi. Watoto wetu waliozaliwa huku hawajui, na si ukaidi wao. Hakuna mtaa uliowaambia. Mtaa wao ni sisi.

Kama una tarumbeta nyumbani, au mmea wowote usioujua, vaa glavu, nawa mikono, usichome matawi yake, na waambie wa nyumbani leo, siyo kesho. Mtoto au mzee akiugusa au kuula, usisubiri dalili: piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu, saa yoyote, bila malipo. Akianguka, akishikwa na degedege au akishindwa kupumua, piga 911.

Na ukija kwetu kiangazi, njoo jioni ili uisikie harufu. Nitakukaribisha, nitakuonyesha, lakini kwanza nitakuonya. Usikasirike. Ni sehemu ya makaribisho.

Mbarikiwe.