Nani Alipie Mng'ao?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, wahenga hawakuwahi kuosha magari kwenye yadi ya Mombasa. Mimi nimeosha. Pale, msomaji mwenzangu, kizuri na kibaya hupangwa mstari mmoja, vyote vinang'aa, na mnunuzi ana nusu saa tu ya kuchagua.

Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika. Kenya hairuhusu kuingiza yaliyozidi miaka 8, kwa hiyo hushuka Kilindini yakiwa bado na sura, ila yamejaa chumvi na vumbi la safari. Tajiri wa yadi huniita: "Piga maji haraka, kijana, mteja yuaja saa nane." Malipo ni ya maji na sabuni ya unga, basi.

Siku nyingi nilijaribu kumshawishi aongeze. Nilimweleza kwamba sabuni ile huondoa nta, na kitambaa chenye mchanga huacha mikwaruzo ambayo jua la saa tisa huianika hadharani. Akacheka. "Mnunuzi haoni hayo, bwana."

Nikaacha maneno. Nikachukua gari jeusi, nikaigawa boneti kwa utepe. Upande mmoja nikaosha alivyozoea. Upande wa pili nikatumia ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Nikasugua kwa polishi polepole, nikapaka nta. Nikamwita juani. Alinyamaza kitambo. "Haya," akasema, "nitakulipa mara tatu."

Ningeishia hapo, ingekuwa hadithi ya biashara. Lakini gari la kwanza la bei hiyo mpya lilikuwa linavuja oili. Tajiri akataka injini ioshwe, ikauke, ing'ae, kabla mteja hajafika. "Si ulisema kazi yako ni bora? Onyesha sasa."

Ndipo nikaelewa. Mimi nilidhani namuuzia ubora, kumbe yeye amenunua mng'ao. Je, ni kosa lake peke yake? Boneti ile nilimwonyesha kwa macho tu. Ubora ni nini hasa, sikuwahi kumwambia.

Wako watakaosema kazi ya mwosha magari ni maji, uvujaji ni shauri la mwenye gari. Nimekesha nikilifikiria hilo, maana kodi ya chumba haingoji falsafa. Lakini kuondoa uchafu ni kulionyesha gari lilivyo. Kuondoa dalili ya ugonjwa ni kulificha. Mkono ni uleule, kitambaa ni kilekile, kazi ni mbili. Wewe unayeandika unalijua swali hili, kwani hata sentensi hung'arishwa. Na mnunuzi yule, aliyejinyima miaka, ndiye atakayekwama njiani usiku na watoto wake.

Nikamwambia, "Tajiri, nitaiosha, lakini mteja akiniuliza, nitamwambia inavuja." Akampa kazi mwingine.

Siku hizi nazunguka yadi nyingine na utepe wangu, na sharti hilo nalitaja kabla ya bei. Wengi hunifukuza. Wawili wamekubali. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Na hapo, nakiri, hawakukosea.