Kumwita Mgeni Katika Ugomvi wa Kiti



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kulirejea swali lililoulizwa katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha hapa Sindo, kwani jawabu tuliyoitoa usiku ule ilikuwa fupi, na wengine waliondoka hawakuridhika. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyenyimwa haki yake ya uongozi, je, yafaa amwite mwenye nguvu wa nje aje amrejeshee?

Muulizaji hakutaja jina la mtu, wala hakuwa na haja. Kila aliyekaa mkekani alijua kwamba msikiti mmoja wa pande hizi umefiwa na imamu wake, na kwamba hata arubaini haijesha makundi mawili yalikwisha simama, na moja limeandika barua kwa matajiri wa mji wa mbali, wasioijua hata njia ya kufika huku, waje waamue nani atangulie mbele ya safu. Barua ile hatutaihukumu hapa. Twataka kutazama jambo kubwa zaidi la namna hiyo hiyo, lililopita juu ya maji haya haya tunayotawadhia.

Wazee wa Kisuba husimulia kwamba mababu zao walivuka ziwa kutoka Buganda na Busoga wakikimbia fitina za wafalme. Basi khabari za kiti cha Buganda kwetu si khabari za ugenini.

Kabaka Muteesa alikufa mwaka 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, kijana ambaye hata ishirini hakutimia. Mwaka 1888 Mwanga aliwaogopa wasomaji wa dini zote, Waislamu na Wakristo, akakusudia kuwatupa katika kisiwa wafe njaa. Wakapata khabari, wakaungana, wakamwondoa mwezi wa Septemba, na mahali pake wakamweka nduguye Kiweewa. Hata mwezi mmoja na nusu haukupita ila wale walioungana wamekwisha gawanyika. Waislamu waliwafukuza Wakristo mwezi wa Oktoba, kisha wakataka kumtahiri Kiweewa naye akakataa, akawaua baadhi ya wakuu wao. Wakamwondoa yeye pia, wakamtawaza Kalema, aliyesilimu akaitwa Nuhu.

Hapa kalamu yetu yazidi kuwa nzito, lakini hatuna rukhsa ya kuipitisha juu juu. Tumezoea kuisoma khabari hii kwa huzuni, tukihesabu yale tuliyofanyiwa. Na tuhesabu pia yale tuliyoyafanya. Kalema alimwua Kiweewa, kisha akawaua wana wa kifalme, wanaume kwa wanawake, ili asibaki wa kumgombea kiti. Mtu aliyetamka shahada aliyafanya hayo, na waliomzunguka walikuwa wakiswali. Tena alipozidiwa, msaada wake ulitoka kwa Kabalega, mfalme wa Bunyoro, hasimu wa Buganda tangu zama. Basi tusidhani kwamba kumwita mgeni ilikuwa aibu ya wenzetu peke yao.

Mwanga naye alikimbia kwa mtumbwi mpaka kusini ya ziwa, akapata hifadhi kwanza kwa wafanya biashara wa Kiarabu huko Magu, kisha kwa mapadri wa Bukumbi. Kwa hili hatumlaumu. Masahaba walihamia Uhabeshi wakakaa katika amani ya Najashi. Lakini walimwomba Najashi kivuli cha kukaa, hawakumwomba jeshi liende Makka likawaketishe juu ya Makureshi. Atafutaye hifadhi huilinda roho yake mwenyewe. Aitaye jeshi hutoa ahadi juu ya roho za watu wengine.

Na Mwanga hakukomea kwenye hifadhi. Mwaka 1889 aliandika barua kumwomba msaada Frederick Jackson, mjumbe wa Kampuni ya Kiingereza aliyekuwa na msafara wake Mumias, mji ambao Waislamu wa magharibi ya Kenya wanaujua vyema. Akapelekewa bendera ya Kampuni. Jackson alikuwa ameondoka kwenda kuwinda ndovu, na Mjerumani Carl Peters akapita Mumias, akazifungua barua zisizokuwa zake, akaenda mbio Buganda akafunga mapatano na Mwanga kabla ya Mwingereza. Haikumfaa kitu, kwani tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walitia saini mkataba wao mjini Berlin, na Buganda ikawa fungu la Mwingereza. Hapakuwa na Mganda mmoja katika chumba kile. Mwezi wa Desemba Kapteni Lugard aliwasili Mengo, na tarehe 24 Januari 1892, Wakristo wa madhehebu mbili walipopigana wao kwa wao, bunduki yake ya Maxim ndiyo iliyoamua nani mshindi.

Baadhi ya vijana wetu walisema usiku ule: lakini Mwanga alikuwa na haki, kiti kilikuwa chake. Na iwe hivyo. Anayekwenda kwa mwenye nguvu na kumwambia, "Nipe kiti changu," amekwisha kiri kwamba kiti kile ki mkononi mwa yule anayeombwa. Baada ya siku ile hakikalii tena kwa nasaba wala kwa ridhaa ya watu, bali kwa mkono uliompa, na mkono uliotoa waweza kutwaa. Mwaka 1897 Mwanga alipochoka na wageni wake akaasi, walimvua ufalme wakamtawaza mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Yeye akakamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega, maadui wawili wa jana katika kamba moja, wakapelekwa Visiwa vya Shelisheli. Mwanga alikufa huko mwaka 1903.

Hata hivyo, hasara iliyomfika mwenyewe si hoja yetu kubwa. Lau jambo hili lingekuwa ni upumbavu tu, lisingetuhusu sana sisi wa darsa. Twaliita khiyana, kwa sababu uongozi ni amana ya watu, haukuwa mali ya Mwanga wala ya Kalema. Aliyeandika barua aliahidi kulipa, na alicholipia hakikuwa chake. Katika mkataba wa mwaka 1900 maili za mraba 9,000 za ardhi ya Buganda ziliwekwa chini ya Serikali ya Kiingereza. Mkulima aliyelima mgomba wake katika ardhi ile hakuulizwa mwaka 1889, wala hakuulizwa mwaka 1900. Na Waislamu, ambao miaka kumi na miwili kabla walikuwa wakimtawaza mfalme, walibaki na wilaya moja ya Butambala. Na Mbogo, nduguye Muteesa, waliyemchagua kuwa kiongozi baada ya Kalema kufa, alikuwa amekwisha onja uhamisho wa Unguja.

Tumeulizwa: je, hata msuluhishi haitwi? Huitwa, na Suratul Hujurat imetuamrisha kupatanisha makundi mawili ya waumini yanapopigana. Lakini msuluhishi ni yule asiyepata faida katika hukumu yake. Tazameni Unguja. Mayyit wa mwaka 1856, Sayyid Said, aliacha watoto waliogombana, Thuwaini wa Maskati na Majid wa Unguja, na shauri lao likapelekwa kwa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa Bara Hindi. Mwaka 1861 aliwagawanya, Majid akatakiwa kumlipa nduguye riale 40,000 kila mwaka. Wote wawili waliridhia, na damu haikumwagika. Miaka thelathini na mitano baadaye, Sayyid Hamad alipokufa tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la baba yake bila ya idhini ya balozi wa Kiingereza, na siku mbili baadaye, asubuhi saa tatu, manowari zikalipiga jumba lile kwa muda usiofika saa moja. Mamia waliuawa na kujeruhiwa. Siku ile ile Sayyid Hamoud akakalishwa. Msuluhishi mwenye manowari hungoja malipo yake, na huwadai watoto wa waliomwita.

Ataendelea kusema aliyedhulumiwa: basi nikae na dhulma yangu? Hatusemi akae nayo. Aseme mbele ya watu haki yake, alete mashahidi, akatae kusema uwongo kwa ajili ya amani. Na akishindwa, asiwauze waliomshinda pamoja na watoto wao. Ni jambo zito. Hatudai kwamba tungeliweza sisi kama tungekuwa ndani ya mtumbwi wa Mwanga usiku ule.

Barua ya msikiti tuliokwisha utaja, kwa tulivyosikia, haijajibiwa. Wazee wa makundi yote mawili wameridhia kukaa pamoja baada ya swala ya Ijumaa ijayo, na wametutaka tuwepo bila ya kuwa na kura. Anayependa kufuatana nasi na awe ufukweni mapema. Mashua itaondoka mara baada ya Alfajiri.