Haki ya Mwenzi wa Safari

Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari. Bungoma kiasi cha mita 1,400. Basi marafiki wawili waliotoka mbali kwa baiskeli, wakishika njia hii huona mteremko wawavuta na mwisho wa safari u karibu. Mmoja angali na nguvu, mwenziwe amechoka. Je, yafaa atangulie?

Twasema: haifai. Milimani walifuatana kwa kuhitajiana, na kuhitajiana si dalili ya wema. Haja ikiondoka ndipo urafiki hujulikana. Asemaye, "Nitamngoja Bungoma," na ajiulize: mwenziwe akianguka njiani, nani atamwinua? Ndugu zetu, afikaye peke yake amefika mjini, lakini ahadi ya kufuatana ameiacha njiani.