Hodi ya Jicho

Katika ada za watu wetu, pwani hata bara, mgeni husimama nje ya kizingiti, akabisha hodi, akangoja, na asipoitikiwa hurudi alikotoka. Na adabu hii, waliyoamrishwa Waislamu katika Sura ya An-Nur, aya ya 27, Mtume katika hadithi aliieleza kuwa imewekwa kwa ajili ya jicho, maana jicho likishaingia, mguu una nini tena cha kuombea idhini?

Niliyakumbuka hayo nilipozitazama picha za Arne Svenson, msanii wa New York, aliyewapiga picha majirani zake wa ng'ambo ya barabara kwa lenzi ya kuvutia mbali, nao wamo majumbani mwao nyuma ya vioo, hawana habari. Alishtakiwa, na mwaka 2015 mahakama ya rufani ikaona kuwa picha zile ni sanaa, na sheria ya jimbo haimkatazi. Hukumu ile haikuniondolea wasiwasi, kwani nami nina kamera.

Usiku mmoja hapa Mnyuzi, ng'ambo ya reli iendayo Korogwe, niliisimamisha juu ya miguu yake mitatu, nikaiacha wazi nukta thelathini, nikikusudia mwanga wa madirisha tu. Katika picha za namna hii apitaye hufutika, kwa kuwa nuru yake haikai mahali pamoja, akabaki yule aliyetulia. Watoto waliokuwa wakikimbizana uani hakuonekana hata mmoja, wala mama yao aliyeingia na kutoka na sufuria; bali katika dirisha lisilo pazia alibaki mzee, ameketi ukingoni mwa kitanda, tasbihi imelala gotini, shavu limeegemea kiganja.

Nilitetemeka. Kumbe kamera iliyoachwa wazi humwibia mtu utulivu wake, nao ni wa wagonjwa, wenye huzuni na wenye kumlalamikia Mola wao, wale hasa ambao kuta zilijengwa kwa ajili yao. Wako wasemao kwamba nuru ikishatoka dirishani haina mwenyewe; lakini kilio nacho hutoka nje, na kwetu akisikiaye huenda mlangoni, haketi kizani kukisikiliza kwa uzuri wake.

Asubuhi nilikwenda, nikabisha hodi.

"Shikamoo babu. Jana usiku nilikupiga picha bila ya idhini yako."

Hakutaka hata kuiona.

"Marahaba. Basi ulikuwa hapo nje, mjukuu wangu, ukaniona niko peke yangu. Mbona hukuingia?"