Tuwaambie Watoto Maisha Yote ya Msanii?

Sisi walimu na wazazi wa Kamanyola tunapenda watoto wajue wasanii wakubwa wa nchi yetu. Swali ni hili: tuwaambie mazuri tu, ao maisha yote?

Tukamate mfano wa Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa Sona-Bata mwaka 1938. Baba yake alifariki yeye angali mtoto. Mama yake alikuwa anauzisha mandazi ku soko ya Wangata, kule Léopoldville, na kijana alipiga gitaa karibu na meza ya mama ili wanunuzi waje. Gitaa ya kwanza alijitengenezea mwenyewe, kwa mkebe na nyuzi za umeme. Mwaka 1956 akawa kati ya waanzilishi wa OK Jazz. Hapo mtoto wa masikini anaelewa kama ufundi haungojei feza.

Lakini mwaka 1984, Mobutu akiwa mgombea wa pekee, Franco alitunga wimbo wa kumpigia kampeni. Wazee wengine wanasema: musifichue aibu ya marehemu, mtoto atazarau wakubwa wote. Neno hilo lina uzito, kwani heshima ni nguzo ya mila zetu. Ila nyimbo za Franco zingali zinapigwa. Siku mtoto atausikia wimbo ule, atasema nini? Ao kama tulimdanganya, ao kama kusifu kila mwenye nguvu ndiyo kazi ya mtu mkubwa. La pili ni baya zaidi.

Na sisi wa Kamanyola tunajua bei ya hadithi ya upande moja. Jina letu lilitukuzwa kwa ajili ya vita vya 1964, likapewa divizio ya jeshi na hata uwanja wa mpira wa Kinshasa, mpaka 1997 uwanja ulipobadilishwa jina. Hadithi ile ilimtukuza Mobutu. Wakaaji wa hapa walibaki pembeni.

Kusema yote si kuhukumu. Utawala uleule ulimtia Franco gerezani mwaka 1978 kwa nyimbo zilizosemwa kuwa za matusi. Na mwaka 1987 aliimba kuonya watu juu ya sida. Mtoto apewe hayo kwa kipimo cha umri wake: mudogo aanze na gitaa ya mkebe, wa sekondari aulizwe, wewe ungefanya nini?

Wazazi, walimu wenzetu, jioni ku moto wazee walitusimulia Sungura, akili yake na wizi wake pamoja, na bado tulimpenda. Franco naye tumsimulie vile.