Kuwa na Kitu

Mwanafunzi anayeanza kujifunza Kiingereza hukutana mapema na kitenzi 'have', akaambiwa kwamba maana yake ni 'kuwa na'. Tafsiri hiyo yatosha kwa mtihani, lakini maneno hayo mawili hayafanani kwa asili. Wataalamu wa historia ya lugha wanatueleza kwamba 'have' ina shina moja na neno la Kilatini 'capere', yaani kukamata. Kiswahili hakina kitenzi cha namna hiyo. Sisi huchukua kitenzi 'kuwa' tukakiunga na neno dogo 'na', lile lile tunalolitumia tunaposema 'Asha na Juma'. Asemaye 'nilikuwa na shamba' amesema, neno kwa neno, kwamba alikuwa pamoja na shamba.

Tena sarufi hiyo haibagui. Kama tusemavyo 'nina nyumba' ndivyo tusemavyo 'nina njaa', 'nina deni' na 'nina mtoto'. Mwingereza akiona njaa huitaja kuwa sifa yake, kama vile urefu au weusi. Sisi tuko pamoja nayo, kama tulivyo pamoja na mgeni ambaye tunatazamia ataondoka.

Wapo watakaokimbilia kuhitimisha kwamba lugha yetu ni ushahidi kuwa wahenga wetu hawakujua uchoyo. Sisi hatukubali. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Kabla ya hapo wapo waliohesabu binadamu kwa Kiswahili hiki hiki, wakasema 'nina watumwa', na neno 'na' halikuwazuia kumtia mtu mnyororo. Hata leo mume husema 'nina mke' na mke husema 'nina mume', kana kwamba wako sawa. Lakini lugha hiyo hiyo humwambia mume 'umeoa' na mke 'umeolewa'. Waingereza nao, pamoja na kitenzi chao cha kukamata, wana wakarimu wao.

Basi sarufi haimfanyi mtu kuwa mwema. Je, ina faida gani? Tunaona kwamba faida yake ni kutuuliza swali kila tunapofungua kinywa. Mwalimu asemaye 'nina wanafunzi arobaini' yu pamoja nao, au anayo majina yao katika daftari tu? Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitamka kwamba njia kuu za uchumi ziwe chini ya umma. Tangu siku hizo tumejifunza kwamba kuandika 'mali ya umma' juu ya mlango wa gari ni kazi nyepesi kuliko kulitunza. Wengi walisema 'tuna gari', na gari likaharibika mbele ya macho yao, kwa kuwa kila mmoja alidhani liko pamoja na mwingine.

Kukamata kitu hakumdai mtu chochote ila nguvu za mkono. Kuwa pamoja nacho kwamdai macho, muda na haya. Mwenye shamba asiyelikanyaga analo kwa hati tu. Mzazi asiyezungumza na mwanawe anaye kwa jina tu. Vijana wanaosoma maneno haya watasema 'nina' mara nyingi kabla jua halijachwa. Tunawaomba wajiulize, walau mara moja, kama ni kweli.