Nani Amempisha Mwandishi?

Kwenye steji ya Kachibora, asubuhi ya siku ya kazi, matatu ya Kitale hujaa kabla jua halijapanda juu ya milima ya Cherangany, na bado makanga anaita: wa mwisho, nafasi ya mmoja! Ndani, mama anampakata mtoto aliyekuwa amekalia kiti peke yake. Mzee anainua mkoba na kuuweka magotini. Kijana wa dirishani anajibana kwenye kioo. Nafasi ambayo punde tu haikuwepo sasa ipo, na abiria wa mwisho anaikalia bila kujiuliza imetoka wapi.

Kiswahili kimelibebesha neno hilo mizigo miwili. Nafasi ni mahali pa kukaa, na nafasi ni muda. Hata neno wasaa, ukilifuata mpaka kwenye asili yake ya Kiarabu, lina upana ndani yake. Tumfikirie basi fundi wa stima ambaye mchana hupanda nguzo kwenye barabara ya Kapcherop na usiku huandika riwaya kwenye daftari la shule. Akiulizwa riwaya imefika wapi, atajibu kwamba hajapata nafasi, na jibu hilo litasema mengi kuliko alivyokusudia. Yeye anawaza saa. Neno lenyewe linawakumbuka waliokaa karibu naye. Nafasi haiokotwi njiani, hupishwa. Ikiwa ni hivyo, namna ya kuishi na kazi ya ufundi, nyumba na kalamu kwa pamoja si jambo la ratiba peke yake. Inabidi kuuliza nani amesogea, amesogea kiasi gani, na kama aliombwa.

Mara nyingi jambo hili huzungumzwa kwa picha ya mizani: kazi upande huu, nyumba upande ule, na kalamu katikati ikitafuta pa kutua. Katika nchi ya mahindi picha hiyo ina heshima yake. Kwenye maghala ya Kitale gunia la kilo 90 hupandishwa, namba husomwa, ubishi huisha. Lakini mizani huamua vizuri pale tu vitu vinapokuwa vya aina moja. Saa mbili za kukesha na mtoto mwenye homa na saa mbili za kusahihisha sura ya tatu ni sawa kwenye saa ya ukutani, na hakuna mzazi atakayekubali kwamba ni sawa.

Wahenga walionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Plato angewaunga mkono. Katika kitabu chake juu ya dola iliyo bora alishikilia kwamba kila mtu afanye kazi moja, ile anayoiweza kwa maumbile yake, na asiingilie ya mwenzake. Aristotle naye aliusifu wasaa kuwa ndiko fikra zinakochipuka. Katika Ugiriki yao, hata hivyo, wasaa wa bwana ulitoka mikononi mwa watumwa na wanawake wa nyumba yake. Falsafa ilikaa kwenye kiti kilichopishwa na watu ambao majina yao haikuyaandika.

Historia ya fasihi ya Afrika Mashariki haikumtii Plato. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, akaenda idara ya mifugo, kisha ofisi ya serikali Tanga, kisha ofisi ya upimaji ardhi mpaka 1960, miaka miwili kabla ya kufariki. Vitabu vyake vingi vilipita kwenye mianya ya ajira hiyo. Muhammed Said Abdulla alianza kama mkaguzi wa afya Zanzibar kabla ya kuingia uhariri, na Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960 na kumleta mpelelezi Bwana Msa duniani, aliiandika huku ana kazi ya mshahara. Ni rahisi kuamini kwamba mtu aliyezoea kuingia nyumba za watu akitafuta yaliyojificha pembeni alikuwa ameshaanza kumwandika mpelelezi wake. Grace Ogot alikuwa muuguzi na mkunga. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto, na alihudumia mayatima waliokuwa na virusi vya Ukimwi; The River and the Source, riwaya yake ya 1994, inafuata vizazi vya wanawake wa ukoo mmoja mpaka kwenye mwanamke anayeuawa na ugonjwa huohuo. Hapo kazi haikuinyima riwaya kitu. Ilimpa daktari yale ambayo mwandishi wa mezani angelazimika kuyakisia.

Lakini orodha ya mashujaa ina hatari yake. Humfanya fundi wetu wa Kachibora aone kwamba waliofaulu walikuwa na nidhamu kumzidi, waliamka mapema, walikaza. Kuna mtu mmoja wa Uingereza ambaye angefaa sana kwa mahubiri hayo, na ndiye anayeyavunja. Anthony Trollope alikuwa afisa wa posta, na aliandika riwaya 47, kadhaa wa kadhaa akiwa bado kazini, akianza saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya kwenda ofisini. Katika tawasifu yake anaeleza siri: alikuwa na mtumishi mzee wa farasi ambaye alimlipa pauni tano zaidi kwa mwaka ili aje kumwamsha na kumletea kahawa, na mzee huyo hakuchelewa hata siku moja kwa miaka yote. Trollope anakiri kwamba huenda kwa mafanikio yake anadaiwa na mzee yule kuliko na mtu mwingine yeyote. Ukurasa huo unastahili kusomwa polepole. Ili mmoja aamke saa kumi na moja na nusu, mwingine aliamka mapema zaidi, akawasha moto.

Nyumba ya Shaaban Robert inaonyesha upande mwingine. Mkewe Amina alifariki na kumwachia watoto, na yeye, karani wa serikali, akabaki baba na mgane kwa pamoja. Angeweza kuiona nyumba hiyo kama kizuizi cha kazi yake. Badala yake aliingia nayo ndani ya tungo: Utenzi wa Hati ni mausia kwa bintiye Mwanjaa. Kwa hiyo mtoto aliyempisha baba usiku alirudishiwa usiku huo ukiwa umegeuka maneno yenye jina lake. Si kila mwandishi anaweza kulipa kwa sarafu hiyo, na si kila mtoto angeitaka. Ila alijua kwamba anadaiwa.

Mwanafalsafa Bernard Williams, katika makala ya 1976 juu ya bahati na maadili, alitumia mfano wa mchoraji Gauguin, dalali wa hisa wa Paris aliyeacha kazi, mke na watoto watano, akaenda Tahiti kutafuta sanaa yake. Williams aliuliza: je, uamuzi kama huo unaweza kuhalalishwa na matokeo? Michoro ikiwa mikubwa, tunamsamehe. Ikiwa duni, tunamwona mtoro. Basi haki yake ilikaa mikononi mwa bahati. Hoja hiyo inasumbua kwa sababu watu wengi huiamini bila kuisema. Mtu huiomba familia ivumilie sasa, kwamba kitabu kikitoka itaonekana haikuwa bure.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe ni jibu zito zaidi kwa Gauguin kuliko lolote lililoandikwa vyuoni. Mwaka 1945 alimaliza muswada mkubwa kwa Kikerewe kuhusu mume na mke wanaopendana na kuhangaika kupata mtoto. Yeye na mkewe Anna Katura hawakubaki na mtoto. Muswada ulikaa miongo mitatu na zaidi bila mchapishaji. Ikabidi yeye mwenyewe autafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Alifariki mwaka uliofuata, kabla vitabu havijafika mikononi mwake. Kwa miaka yote hiyo hapakuwa na matokeo ya kumhalalisha. Kama nafasi aliyopewa nyumbani ingehitaji kitabu dukani ili iwe halali, basi Anna alipisha bure mpaka karibu mwisho wa maisha ya mumewe. Hilo haliwezi kuwa kweli. Kilichoihalalisha ni kwamba aliandika akiwa amebaki, na alichokiandika kilikuwa subira ya ndoa.

Huenda mtu akasema: vizuri, lakini siku ina saa 24 na lazima zigawanywe. Hapa wenyeji wa Kitale na Bungoma wana jambo la kumfundisha. Miongoni mwa Wabukusu wakati hubebwa kwenye majina. Wekesa na Nekesa walizaliwa mavunoni, Wafula na Nafula wakati wa mvua, Simiyu na Nasimiyu kiangazi, Wanjala na Nanjala wakati wa njaa. Hakuna anayeitwa kwa jina la saa nane u nusu. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa ya Afrika, alitoa hoja kwamba wakati katika mapokeo ya Kiafrika hufanywa na matukio, wala si chombo kitupu kinachongoja kujazwa. Wapo wanafalsafa waliompinga kwa sehemu kubwa ya nadharia yake, hasa aliyosema kuhusu wakati ujao. Kwenye hili la matukio, hata hivyo, mkulima wa Kachibora hangehitaji kushawishiwa.

Kwake mahindi huingia ardhini mvua za Machi na Aprili zikishika. Mbegu ya nyanda za juu, kama ile ya H614, huchukua nusu mwaka au zaidi kukomaa. Katikati ya mistari yake hupandwa maharagwe, yanayokomaa kwa takriban miezi mitatu, yanavunwa, yanaliwa, wakati mahindi bado yanabeba. Hakuna mwezi ambao mazao hayo mawili hupata kazi sawa. Kuna wiki za palizi ambapo shamba hudai kila mkono nyumbani, na kuna wiki ambapo linajilea. Upande wa Bungoma, mkulima wa miwa hungoja mwaka na nusu au hata zaidi, na hangoji bila sukuma wiki pembeni ya nyumba. Riwaya ni zao la aina hiyo. Anayeipanda asiidai chakula cha Jumamosi, na asiione imekufa kwa sababu Novemba yote hakuigusa, mavuno yakiwa yameanikwa kwenye turubai na mawingu yakitishia.

Mfano wa shamba nao una pengo lake, na ni haki kulitaja. Mahindi hayahuzuniki yakifunikwa na kivuli. Watu huhuzunika. Katika nyumba nyingi anayepisha ni yuleyule kila siku. Mwanamke mwenye kazi ya ufundi na ndoto ya kalamu, tuseme mtaalamu wa maabara katika hospitali ya Kitale, hurudi jioni kwenye nyumba ambayo tayari inamhesabu kuwa yeye ndiye nafasi ya wengine. Wakati mwingine hupata pumzi kwa sababu ya dada wa kazi, aliyetoka kijijini na kuwaacha wadogo zake na bibi. Mnyororo wa kupishana unaendelea hadi kwenye nyumba isiyoonekana kutoka mezani pa mwandishi. Mzee wa Trollope alilipwa pauni tano na kutajwa kitabuni. Wengi hawapati hata kimoja.

Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma na kukulia Cherangany, aliijua ardhi hii kwa miguu. Hata jina alilibeba kwa namna yake: Waliaula akaligeuza Walibora, kwani aula na bora ni ndugu. Katika Siku Njema, iliyotoka 1996, kijana Kongowea anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake, na wanafunzi wengi wa Kenya waliijua Kitale kwanza kwa kurasa hizo. Baadaye mwandishi alikuwa mtangazaji wa NTV, mhadhiri Marekani, kisha mwangalizi wa Kiswahili katika Nation Media Group, kazi zenye saa kali na taa kali, huku vitabu vikiendelea kutoka. Mwaka 2014, akiwa na kila sababu ya kujisifu kwa bidii yake, tawasifu yake aliiita Nasikia Sauti ya Mama. Mtu aliyefika mbali namna ile aliliweka jalada la maisha yake chini ya sauti ya mwingine. Alifariki Nairobi mwezi Aprili 2020, akarudishwa kuzikwa Trans Nzoia, msimu wa kupanda.

Turudi kwa fundi wetu wa stima, ameshuka matatu ya jioni hapo Kachibora, viatu vimejaa tope jekundu. Ameshakula. Daftari liko juu ya kabati. Kabla ya kulichukua anauliza, na pengine ni mara ya kwanza kuuliza: "Mama watoto, nikikaa mpaka saa sita usiku, nani atakamua kesho asubuhi?"

"Nitakamua mimi," mkewe anasema. "Lakini Jumamosi nina chama, na sitarudi mapema. Utapika wewe, uwasimamie na vitabu vyao."

Anafikiri kidogo. Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa ameitenga kwa sura ya tano.

"Sawa," anasema, na anashusha daftari.